Kichumba cha Katikati ya Daraja

Kibomet, Kitale
Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Kabla ya yote, nipe habari za mguu wako. Unaukanyaga sawasawa, au bado unachechemea huku ukimwambia kila mtu umepona? Na kifua cha Baba? Na yule mbuzi mweupe, amezaa? Sisi huku ni wazima. Baridi ya Kitale hutuuma asubuhi, lakini mimi nina mume, Mama, na blanketi moja linatutosha. Najua wifi Nafula anayekusomea barua hii atacheka hapo. Acha acheke, naye ana wake.

Miezi minne ya ndoa na bado moyo unaniruka nikisikia buti za Simiyu zikirudi kutoka karakana ya reli. Nilisoma sekondari miaka yote ile, na hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba mtu anaweza kupenda hata namna mumewe anavyopuliza chai. Ningeweza kujaza karatasi hii yote kwa habari zake. Lakini leo nimeunguza uji mara mbili, kwa sababu ya baraza la chifu huko kwenu Jumamosi.

Unalijua lile behewa kuukuu lililotolewa magurudumu, lililolala kando ya stesheni ya Bungoma. Tangu siku uliyoteleza kwenye gogo la kuvukia mto ukitoka soko la Chwele, ukarudishwa nyumbani umebebwa, Simiyu hakutulia. Alikwenda kwa mkubwa wake wa kazi akamwomba behewa lile livutwe kwa ng'ombe mpaka mtoni, lilazwe kutoka ukingo hadi ukingo, watu wapite ndani kwa miguu. Mkubwa amekubali, ila kwa sharti moja: watu wenyewe waseme mbele ya chifu kwamba wanalitaka. Wasipolitaka, litakatwakatwa, mbao ziwe kuni.

Sasa nani anaweza kuwaza behewa likiwa juu ya maji? Hata mimi nilishindwa. Ndipo Simiyu akaanza kutengeneza mfano wake mdogo, mto na daraja na njia ya sokoni, auonyeshe barazani. Umekaa juu ya meza yetu, na meza tunayo moja tu, kwa hiyo wiki tatu sasa tunakula tumeketi kitandani, sahani magotini. Laiti ungeuona! Kingo za mto ni udongo wa hapa Kibomet uliochanganywa na gundi ya seremala. Maji ni vipande vya chupa ya buluu. Behewa ni mbao za sanduku la chai, paa ni bati la kopo la sigara, na kila dirisha amelikata kwa wembe huku akizuia pumzi. Nami nilikuwa nazuia pumzi pamoja naye.

Na watu wamo, wadogo kama kidole cha mtoto. Yeye mwenyewe yumo na kofia yake ya kazi. Wewe umo, na kikapu cha ndizi kichwani, lakini uso hakukufanyia. Nilipomuuliza, alisema, "Mimi ni nani nimtazame mama mkwe usoni, hata wa udongo?" Nilimbusu hapo hapo, Mama, na gundi mikononi.

Basi jana mchana shangazi yake, Nanjala, alikuja kutoka Naitiri na debe la mahindi. Aliizunguka meza akipiga makofi, akausifu mto, akayasifu madirisha. Kisha akakuchukua wewe kutoka upande wa sokoni, akamchukua Simiyu kutoka upande wa nyumbani, akawaingiza ndani ya behewa na kuwatembeza polepole mpaka mkakutana katikati.

"Haya, fundi," akasema. "Huyu hapa mama mkwe wako. Utapitia wapi?"

Simiyu akacheka. "Si nitarudi nyuma, shangazi."

"Nyuma yako kuna wanawake sita na vikapu. Utawakanyaga?"

"Basi nitapita kando."

"Kando gani? Umguse na bega lako? Ama uruke dirishani kama nyani? Ati wiki zote hizi unapima mbao, na heshima hukuipima!"

Shangazi alisema kweli. Pale kwenye gogo, mtu na mkwewe, ambao kwa mila yetu hawakutani uso kwa uso, huonana kutoka mbali, na mmoja hujificha kwenye vichaka vya ukingoni mpaka mwenzake amalize kupita. Lakini behewa lina kuta. Mpaka umeingia, hujui ni nani anakuja. Nafula atakutana na Baba, mkwewe, humo. Simiyu atakutana nawe. Tulilisahauje jambo hili, Mama? Nadhani ni kuishi mjini, ambako wakwe wetu wote wako mbali.

Na kulikuwa na baya zaidi. Behewa lile lilikuwa na vyumba vitatu vya abiria, kila kimoja na mlango wake. Mtu angeweza kuingia chumbani na kufunga mlango mpaka mkwewe apite. Lakini Simiyu mwenyewe alikuwa ameandika kwa mafundi wa Bungoma wavibomoe vyote, ili njia iwatoshe wenye mizigo. Alikaa kitandani mikono kichwani, kisha akatoka mbio kwenda stesheni bila kofia, kuomba simu ipigwe kule: wasimamishe kazi. Sijawahi kumwona akikimbia hivyo.

Jibu limekuja leo alfajiri. Viwili vimekwisha kuvunjwa. Cha katikati bado kimesimama, na mlango wake unafunga.

Niliangua kilio, na ndiyo maana uji uliungua mara ya pili. Kabla ya kwenda kazini, Simiyu alikirudisha kile kichumba kwenye mfano. Kuta ni kadi, mlango ni ubavu wa kisanduku cha kiberiti.

Lakini sijui kama kinatosha. Barua ya Nafula iliyonifikia leo inasema kwamba wanawake wa sokoni wameanza kusema hawataingia ndani ya sanduku la kuwafungia na wakwe zao, na kwamba wanangoja wewe uliyeanguka useme. Aliandika pia kwamba gogo limeota uyoga, na kwamba bado unalipita kwa mguu huo huo. Mvua hazijaanza, Mama, na mimi kila wingu likitokea upande wa mlima Elgon natoka nje kulitazama.

Simiyu hawezi kukuomba, wala hawezi kusimama mbele yako barazani. Ndiyo maana naomba mimi. Sikuombi ukubali kwa sababu nampenda. Kama kichumba hakifai, sema hadharani, atatafuta njia nyingine.

Barua hii inaletwa na mlinzi wa treni, rafiki yake Simiyu, pamoja na kifurushi kidogo. Kifungue taratibu. Ndani ni wewe, na kikapu chako. Simiyu alikufunga mwenyewe kwenye karatasi, ametazama ukutani. Jumamosi mfano utakuwa juu ya meza ya chifu, na mahali pako patakuwa patupu. Ukikataa, baki na huyo mama nyumbani, nami nitaelewa. Ukikubali, nenda umweke ndani ya kichumba cha katikati na ufunge mlango. Simiyu atakuwa nyuma ya watu, amegeuka upande mwingine. Utakapokuwa umerudi kwa wenzako, ndipo atakaposogea kutazama.

Msalimie Baba, umwambie avae koti. Msalimie kaka, na Nafula kwa kusoma yote haya bila kuruka mahali. Msalimie mzee Kuka wa ng'ambo ya mto anayekuwekea nafasi sokoni, na mama mchungaji aliyetufungia maua siku ya harusi.

Mimi sitakuja, nauli ni ya mmoja. Jumapili nitasimama stesheni ya Kitale tangu asubuhi, na sitahitaji kuulizwa wala kuuliza. Nitajua kwa namna mume wangu atakavyoshuka kwenye treni.

Ni mimi mwanao, ninayekuwaza kila nikiona mawingu,
Nekesa, mke wa Simiyu