Tofali la 2521

Jumapili. Mawingu yametanda toka asubuhi na mvua hainyeshi. Na mie moyoni hivyohivyo.

Naandika katika daftari la mke wangu Somoe, la kisomo cha watu wazima. Herufi zangu zimelala ubavu kama mbuzi wa machinjio ya Vingunguti, lakini zinasomeka. Kufyatua tofali je? Toka hapa Pugu hadi mjini hakuna wa kunishika. Waulizeni.

Matofali haya tuliyafyatua kijamaa, nyumba kumi zetu, na kila kaya itakayovumilia kazi mpaka mwisho ipate sawa na mwenzie. Hatukujua zitabaki ngapi. Somoe akapiga hesabu, akasema tufyatue 2520. Namba hiyo, wakibaki wawili inagawika, wakibaki saba inagawika, wakibaki kumi inagawika, haiachi kitu.

Mie nikaongeza moja. Juu kabisa ya tanuru, lenye alama ya dole gumba langu, ndiyo desturi yangu toka ujanani. Nikajitapa kwamba namba ikikua, mgawo nao unanona.

Leo ndiyo siku ya kugawa. Kaya tisa.

Likabaki moja.

Mjumbe wetu akasema, "Mzee Chitanda, toa hilo lako tumalize." Nikakataa. Likitoka hilo, jina langu limetoka nalo. Basi gaweni kwa nane, mie najitoa! Likabaki moja. Nikamtoa na shemeji yangu, saba. Moja tena. Jirani yangu Pazi akacheka mpaka akakaa chini: "Namba ina kichwa kigumu kama mwenyewe!"

Kicheko kile kikaniingia vibaya. Nikamgeukia Somoe mbele ya watu wote: hesabu zako ndizo zimetuharibia, kisomo basi, kesho huendi.

Na kesho ndiyo siku ya mtihani wake.

Hakubisha. "Sawa, baba Hamisi." Akaliweka daftari juu ya matofali, akaenda zake. Watu nao wakaondoka mikono mitupu.

Nimelifungua nitafute kosa lake. Nikakuta ukurasa wa juzi umejaa tele. 2521 kaigawa kwa mbili, kwa tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, hivyohivyo hadi arobaini na saba. Kila mahali kuna baki. Mie nilidhani namba kubwa haikosi wa kuigawa. Chini kaandika: "Tasa. Inagawika kwa moja na kwa yenyewe tu. Nisimwambie mbele ya watu."

Juzi! Alijua toka juzi, akaninyamazia nisiaibike.

Sasa yuko uani anapeta mchele, hanitazami. Tofali nitalishusha kesho, Pazi na acheke. Daftari nitambebea mwenyewe hadi mlangoni kwa mwalimu wake.

Ila neno "nimekosa" mdomo huu haujawahi kulitamka. Nitalianzaje?