Udongo Uliopetwa

Kibirizi, Kigoma
4 Agosti 2024

Mwanangu Leonia,

Mwakeye! Salamu ya Kiha usiisahau. Hujambo huko Dar? Sisi huku wazima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Na usiniambie nipige simu. Kwenye simu unaniaga kabla sijafika kwenye maneno.

Udongo uliouomba ukaupime huko chuoni huu hapa, wa kiwanja changu cha mteremkoni, pale chini penye tambarare ninapotaka kujenga. Lakini jamani, ulivyokuwa mchafu! Mizizi, kokoto, madonge. Nikaona aibu, kitu cha kwetu kiende mbele ya maprofesa vile? Hata dagaa siwapeleki kwa wageni na mchanga wao. Basi nimeupeta kwa ungo, nikauanika kwenye kichanja cha dagaa, nikauchekecha tena. Sasa ni laini, mwenyewe utafurahi.

Fundi Feliksi anataka kuanza msingi kabla ya mvua, kwa hiyo jibu upesi. Nimechoka kupanga vyumba vya watu.

Mama yako,
Veneranda


Dar es Salaam
15 Agosti 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole na mgongo, na hizo ndoo za dagaa uwaachie wenye nguvu. Mimi sijambo, namshukuru Mungu.

Mama, nimecheka mpaka machozi. Umenitumia unga! Nilichotaka kupima ndicho hicho ulichokitupa: kokoto, madonge, na jinsi vilivyoshikana. Nimewasimulia wenzangu wa ule mtandao wetu, walimu na wanafunzi wa vyuo vya nchi kadhaa tunaochunguza na kufundishana mambo ya udongo na miamba. Mmoja wa Bujumbura akasema hata mama yake angeupeta. Wamekupenda bure, na wameomba kiwanja chako kiwe somo letu la mwaka huu.

Naomba urudie. Tafuta makopo ya maziwa ya bati, toa mifuniko na vitako. Fundi achimbe pale chini shimo la kumfika kiunoni, akandamize kopo humo, kisha alitoe taratibu bila kulitikisa. Uzibe kwa nta ya mshumaa. Kopo jingine lichukuliwe kule juu ya kiwanja, karibu na ule mwamba. Na tafadhali, mama, ungo uache jikoni!

Msingi usubiri majibu. Nyumba ndiyo hiyo moja, sitaki ikuangukie.

Binti yako,
Leonia


Dar es Salaam
20 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Makopo yalifika na basi, salama kabisa. Hongera, hata mwalimu wangu kakusifu.

Majibu si mazuri. Udongo wa pale chini ukikauka ni mgumu, lakini ukilowa unalegea na kuteleza. Wenzetu wa mtandao wamekagua hesabu zetu, hakuna aliyebisha. Usijenge pale, mama. Jenga juu, kwenye mwamba. Nakuomba sana.

Binti yako,
Leonia


Dar es Salaam
2 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Hali yako siijui, maana barua huandiki, na kwenye simu sasa wewe ndiye unayeniaga haraka. Nasikia mvua zimeanza huko. Umejenga wapi? Kama umeanza pale chini niambie tu, sitakugombeza. Naogopa, mama.

Leonia wako


Kibirizi, Kigoma
14 Novemba 2024

Leonia mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, uondoe hofu, na nyumba bado sijajenga.

Feliksi alikuwa ameshachimba mtaro wa msingi pale chini, nami nikamwacha aendelee. Ikaja mvua kubwa, ukingo mzima wa mteremko ukashuka ukaufukia. Hakuna aliyeumia, tulikuwa kanisani. Feliksi alishika kichwa, akasema, "Mama Leonia, huyu mtoto amesoma kweli." Nikaona fahari, kisha nikakaa chini palepale.

Usidhani nilikudharau. Kule juu kwenye mwamba nilikutengea wewe. Ziwa lote linaonekana, mpaka milima ya Kongo. Nilisema siku Leonia akirudi atajenga pale, asiwe mgeni kwao. Sasa nikipachukua mimi, wewe utakaa wapi? Kiwanja kingine sina. Hilo ndilo lililonishinda kukuandikia, mwanangu.

Mama yako,
Veneranda


Dar es Salaam
25 Novemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na pole kwa mshtuko. Barua yako nimeisomea maabara, nikalia mbele ya wanafunzi wenzangu, wakadhani nimefiwa.

Jenga juu. Usiniwekee kiwanja, niwekee kitanda. Mwakani mwezi wa sita mtandao unaleta wanafunzi Kigoma kwa mafunzo, na anayewaongoza ni mimi. Wao watalala hoteli. Mimi nalala kwako.

Mwambie Feliksi aongeze chumba kimoja kando ya chako. Nataka usiku nikusikie unavyokoroma upande wa pili wa ukuta, nijue mama yangu yupo na nyumba imesimama.

Binti yako,
Leonia