Maziwa ya Mounina

Atar, 3 Juni

Kwa binti yangu Toutou,

Asalaam aleikum. U hali gani? Mumeo Deddah hajambo? Na mjukuu wangu Mounina? Sisi huku wazima, ila mimi silali vizuri tangu binamu yako Lalla arudi kutoka huko Nouakchott.

Anasema alikuona sokoni asikujue! Eti bangili zinakuvuka mkono, shingo imebaki mifupa. Nikamwambia muongo. Akaapa. Toutou, mwili ule nilikujengea mimi, kwa maziwa ya ngamia wangu, ukaolewa watu wakisimama kukutazama. Leo unapita mjini kama mtu aliyekimbia njaa? Deddah hakulishi! Sioni jibu jingine. Nimemtuma mjomba wako Cheikhna aende dukani kwake akamuulize mbele za watu. Amebeba na kopo la samli. Ule.

Mama yako

Nouakchott, 12 Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, isipokuwa Deddah, ambaye kwa aibu hata msikitini haendi. Kweli, mama? Mjomba kasimama katikati ya duka, wateja wamejaa, anapaza sauti: "Wewe! Binti yetu unamnyima nini?" Mume wangu amefunga duka mchana kweupe, na hajanikosea kitu!

Ninapungua kwa kutaka mwenyewe. Daktari kasema moyo umelemewa na mafuta, na sukari inapanda. Nilikuwa siwezi kuinuka kwenye sala mpaka Mounina anivute mkono. Sasa nachagua ninachokula: samaki wa kuchoma, maharage, kabichi na karoti kwa wingi, uji wa shayiri bila samli, chai bila lile rundo la sukari. Daktari hakuniahidi miujiza, alisema huenda ikasaidia. Imesaidia. Juzi nimepanda ngazi za zahanati bila kukaa njiani.

Samli nimewapa majirani. Mounina anakuja kwako na shangazi yake kwa msimu wa tende. Ale tende, acheze.

Mwanao

Atar, 20 Julai

Mwanangu,

Salaam nyingi. Afya yangu nzuri, yako sitaki hata kuisikia. Samaki! Babu zako walikuwa na ngamia, wewe unakula shombo la baharini. Na hayo majani, kwani umekuwa mbuzi? Barua yako niliitupa, nikaiokota, nikaitupa tena.

Basi, wewe umeshaharibika, sijisumbui. Lakini Mounina! Umeniletea mtoto mbavu nje. Nani atamposa huyu? Nimemkabidhi kwa Bi Vatma, yuleyule aliyekulisha wewe. Alfajiri bakuli la maziwa, kisha uji wa samli, kisha maziwa tena. Siku za mwanzo alitapika, akanyweshwa upya. Akikataa anabanwa vidole vya mguu kwa vijiti, kidogo tu, unajua mwenyewe. Sasa mashavu yameanza kutoka. Utanishukuru.

Mama yako

Nouakchott, 24 Julai

Mama,

Leo sikusalimu.

Ndiyo, najua mwenyewe. Kidole changu cha mwisho hakijanyooka mpaka leo. Nilidhani umesahau, kumbe ulikuwa unasubiri mwingine! Mtoto ana miaka saba. Nimekuletea acheze, si ashindiliwe kama gunia. Mimi nimetapika kwa ajili ya macho ya watu, nikayabeba mafuta yale mpaka moyo ukachoka. Sasa kila kijiko nakichagua ili niishi nimwone mwanangu anakua, na wewe unamjaza yeye yaleyale ninayohangaika kuyatoa!

Vatma asimguse tena. Barua hii nimempa dereva wa leo. Gari la kesho ninapanda mimi.

Toutou

Atar, 2 Septemba

Mwanangu Toutou,

Asalaam aleikum. Hujambo? Deddah hajambo? Na mtoto? Agosti yote imepita bila neno lako.

Ulinikasirisha, nikwambie wazi. Uliingia kwangu hata chai hukunywa. Ulimfukuza Vatma mbele ya majirani, ukambeba mjukuu wangu, ukaniacha nyumba kimya na maziwa yanachacha. Nilimlalamikia kila aliyepita mlangoni.

Ila kuna jambo linanisumbua. Ulipotokea, mtoto aliacha kulia palepale. Alikunyooshea mikono tu. Mimi nami nililishwa, hemani kwa mama yangu, nikiwa mdogo kuliko yeye. Nililia nikiita mama, mama, na mama ndiye aliyeshika bakuli. Nikamlilia baba, akatoka nje. Hakuna aliyekuja kunichukua, Toutou. Hakuna hata mmoja!

Zile hasira zangu kwako nimezitafuta leo sizioni. Ziko kwa mama yangu, naye yuko kaburini, simwambii kitu.

Mwambie Mounina bibi yake anaomba radhi. Akisema hataki kuja tena, usimlazimishe.

Mama yako