Ndulele Ndani ya Bahasha

Dada yangu Nyangeta,

Shikamoo dada. Huku Arusha ni baridi na ukungu tangu asubuhi, lakini mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Wewe hujambo? Na miguu ya mama imepungua kuvimba? Dagaa wanapatikana hapo Bukima, au bado mnakula ugali kwa mlenda?

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule mwalimu. Kile kitunda ulichotia ndani kilikuwa kimepondeka, kimetoa maji ya njano mpaka karatasi zikagandana, na kinanuka vibaya. Nimekula chakula changu nje. Lakini nimekitambua. Hukukosea, dada. Hiyo ni ndulele, ile ile yenye miiba tunayowakatazaga watoto, inaota kando ya njia na mbuzi wanaipita.

Umeniandikia kwamba yule mtu wa Bunda aliwaletea mbegu ndani ya kiberiti, akaziita beri, akasema siku hizi soko ni huria na wanunuzi watafuata mzigo kwa gari. Baba naye kachoka na pamba isiyolipwa, basi akang'oa muhogo wote wa shamba la juu. Miiba ilipotoka ukamwambia ni ndulele. Akakujibu mbegu ya kizungu inafanana tu na yetu, wewe mwanamke utajuaje, aulizwe Magesa, yeye ndiye fundi wa beri. Na nikisema ndiyo, atang'oa na muhogo wa kule ziwani. Huo ndio chakula chenu chote kilichobaki.

Basi nilimpelekea kitunda hicho bibi shamba wetu. Akakipasua kwa kisu, akatazama, akacheka.

"Magesa, hii ni beri kuliko stroberi."

Nikadhani ananitania. Kumbe hapana. Kwa kitabu chao, beri ni tunda linalotoka kwenye ovari moja ya ua, nyama laini, mbegu zimezama ndani. Kwa hiyo nyanya ni beri. Bilinganya ni beri, na pilipili, na hata ndizi. Lakini stroberi tunayoilima hapa siyo. Ile nyama nyekundu ni kitako cha ua kilichovimba, na vile vipunje vya juu ndiyo matunda yenyewe.

"Kwa hiyo yule tapeli kasema kweli?"

"Kitabuni kasema kweli. Lakini nani atakula hiyo? Ina sumu."

Nilitema mate chini palepale. Wasomi wanatoa jina, matapeli wanalibeba, na wazee wetu wanang'oa muhogo.

Sasa nikuambie jambo baya zaidi. Niliporudi chumbani na kushika kalamu, niliwaza nimwandikie baba hilo moja tu: ndiyo, ni beri. Si uongo, na heshima yangu ingebaki palepale. Niliwaza hivyo kweli, dada, na nilipojisikia nikiwaza hivyo nikajichukia.

Maana yule mtu hakuzua kitu. Unakumbuka Krismasi nilipokuja na viatu vile? Nikasimama nje ya kanisa nikawaambia watu kwamba mimi ni msimamizi, kwamba beri ni mali, pamba haioni ndani. Baba alikuwa pembeni, anachekelea. Mbegu za kiberiti zilikuja juu ya maneno yangu.

Mimi si msimamizi wala sijawahi kuwa. Ninakaa kwenye banda la yaliyooza. Stroberi nzuri zinapanda ndege, zangu ni zile zilizoota mvi za ukungu, koa wamejikunja ndani. Ninamtoa koa kwa kidole, ninafuta ukungu kwa kitambaa, kisha tunda linaingia sufuriani kupikwa jemu. Wanaibandika karatasi yenye picha nzuri. Kucha zangu zinanuka pombe iliyochacha hata nikisugua kwa majivu. Ukiona mtu huko Musoma mjini anapaka jemu kwenye mkate, geuza uso.

Kwa hiyo ng'oeni ndulele zote, mzichome kabla watoto hawajazichuma. Shamba la ziwani lisiguswe. Shangazi wa Kiriba atawapa miti ya muhogo mpande tena shamba la juu, mvua ingali ipo.

Nisalimie sana mama, umwambie nakanyaga baridi lakini nipo. Msalimie shemeji, mumeo, na nyavu zake. Msalimie binamu Masatu, aliyeniita bosi siku ile. Asiniite tena.

Na barua hii msomee baba yote, mama akiwepo, usiruke mstari hata ukiona anainuka kuondoka. Anichukie akiwa ameshiba.

Mimi mdogo wako,
Magesa