Pikipiki Mpya ya Theluji na Aksileta ya Kushoto

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukiisoma barua hii redioni nakuomba usitaje ni upande gani wa mlima tunakolisha, kwa sababu huku sote tunasikiliza kipindi chako huku tukikata nyama, na mama mkwe wangu husikiliza kwa sauti ya juu kuliko wote, na majina niliyoandika humu si majina yenyewe.

Mume wangu, nimwite Ándaras, alinunua pikipiki mpya ya theluji kabla ya Krismasi, maana ile ya zamani ilimfia katikati ya ziwa, na mimi nilikubali inunuliwe, sina kinyongo na hilo, mfugaji wa kulungu bila pikipiki ni mtembea kwa miguu tu na kulungu hawamngoji mtu. Ilipofika tuliizunguka uani na vikombe vya kahawa mkononi, mama mkwe akaipigapiga tandiko kama anavyompigapiga mnyama aliyenona, akasema, "Hii itatuzika sote." Siku ile nilifurahi, nakiri.

Halafu Ándaras akaanza kuizoea. Najua kila mtu huizoea mashine mpya, injini haikimbizwi siku za mwanzo, boliti zinarudiwa kukazwa, haya yote nayajua, nimezaliwa humu. Lakini Ándaras hakuizoea tu, alijifungia nayo. Akishakula anaingia bandani, anaikalia injini ikiwa imezimwa, anatazama mbele kama yuko safarini, hatikisiki isipokuwa kidole kinachochezacheza kwenye usukani. Nilimchungulia dirishani mpaka pua yangu ikagandia kioo. Nikaingia nikamuuliza, "Unafanya nini humu?"

"Tunafahamiana."

"Mimi ulinifahamu upesi zaidi."

Hakucheka, mshauri. Zamani angecheka.

Kisha akaanza kuibadilisha. Kwanza aling'oa shokapu za kiwandani akafunga nyingine laini, nikasema sawa, ni mgongo. Kisha akafunga vioo viwili vya pembeni, yeye ambaye siku zote huwacheka wenye vioo na kuwaita watalii. Kisha akafunga tandiko la nyuma lenye egemeo na vikanyagio, na vile vikanyagio akavipandisha juu kwa vipande vya mbao, akavipima na kuvipima tena. Sasa pikipiki ya kazi haina tandiko la abiria, nyuma tunafunga mafuta na kamba na kuni, na abiria kama yupo anakaa kwenye sleji akila theluji, mimi nimeila theluji hiyo tangu nilipoolewa. Nikamuuliza tandiko hili la nani. "La yeyote," akanijibu. Yeyote ndiyo nani, mshauri, ana jina la ukoo?

Nikavumilia. Lakini hili la mwisho limenishinda. Aksileta ya pikipiki ya theluji iko kulia, unaisukuma kwa dole gumba la mkono wa kulia, ndivyo ilivyo kwa kila mtu huku tangu mashine hizi zije. Ándaras ameihamishia kushoto. Aliagiza kifaa chenyewe mjini bila kuniambia, nikakikuta kimeshafungwa.

"Hii nini tena?"

"Mtindo mpya."

"Mtindo wa wapi?"

"Wa Finland."

Kwa Ándaras kila asichotaka kukieleza kimetoka Finland.

Sasa nikueleze kuhusu Ravdna. Ravdna ni mashoto, na katika wafugaji wote wa huku simjui mashoto mwingine, kamba ya kitanzi anairusha kwa mkono wa kushoto na hakosi. Kabla yangu yeye na Ándaras walikuwa wanaongozana, kila mtu anajua, kisha akaolewa pwani, mumewe akafariki, na vuli iliyopita amerudi kwa kaka yake, ng'ambo ya mlima tu. Bado ni mzuri, mrefu, amenyooka, siyo mimi ambaye mama mkwe ananiita kisiki kwa mapenzi. Vuli ileile tulipokuwa zizini tunawatia ndama alama za masikio, Ravdna alikuwa anarusha kamba, na Ándaras alisimama kwenye uzio mikono imezama ndani ya koti, hakurusha hata mara moja, ndama wetu wakakamatwa na mdogo wake. Alikuwa anamtazama Ravdna mkono wake tu, mkono na mrusho, mpaka mimi nikaona haya kwa niaba yake.

Tangu apate pikipiki hiyo huenda ziwani peke yake, ati kuizoea. Nikachukua skii zangu nikamfuatilia alipokwisha kurudi. Mshauri, alama za mashine kwenye theluji zimeyumbayumba, zimekwenda mduara, zimesimama ghafla, zimeruka mbele tena, hizo ni alama za mtu anayejifunza. Ándaras alianza kuendesha kabla meno ya utoto hayajang'oka. Kwa hiyo anamfundisha mtu. Niliinama nikakagua kila aliposhuka, nikakuta buti zake tu, lakini mwanamke mjanja hashuki.

Na glavu nazo. Mimi ndiye ninayemshonea glavu za ngozi ya miguu ya kulungu, kila mwaka gumba la kulia linatoboka kabla ya majira ya kuchipua nami naliweka kiraka huku nikimlaumu. Mwaka huu gumba la kulia ni jipya kabisa, la kushoto ndilo limekwisha. Nikajua tayari kuna mkono mwingine unaomshonea. Hata kahawa sasa anainywa kwa kushoto, kama yule mwanamke, kana kwamba mapenzi yanaambukiza.

Nilimweleza wifi yangu Máret, akasema, "Shoga, mwanaume hahamishi aksileta bure. Wa kwangu alianza kwa kunyoa ndevu, na unajua alikoishia."

"Labda ni uzee."

"Uzee haununui vioo. Vioo ni vya kuangalia kama mke anakuja nyuma."

Sasa wiki ijayo tunatenga kulungu kabla ya kuhamia pwani. Wangu wana alama yangu masikioni, niliyopewa na baba yangu nikiwa mchanga, na nimeshamwambia kaka yangu aje niwatoe, niingie kwenye siida yake, familia anazochunga nazo kundi moja. Nikiwatoa mbele ya watu wote ndiyo basi, huku hakuna mke anayetenga kulungu wake na wa mumewe kisha wakarudi kula sufuria moja, na mimi bado ninampenda, ndiyo maana nalia nikiandika. Niwatoe? Au nimfuate kwanza Ravdna nimuulize uso kwa uso?

Ni mimi, Kisiki Ninayechungulia.

*

Dada Kisiki,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilimchukia mumeo. Mara ya pili nikatoa glavu za marehemu mume wangu kabatini, nikazilaza mezani, nikayatazama magumba.

Una macho makali kuliko askari, tena umeniletea ushahidi wote umepangwa, kisha ukamtia hatiani mtu ambaye hakuwepo. Tuanze ziwani. Umekagua theluji yote ukakuta buti za mtu mmoja. Huyo mwanafunzi wako alishukaje, alipaa? Hakuna mwanafunzi mwingine pale. Anayejifunza kuendesha upya ni Ándaras mwenyewe, anajifunza kwa mkono wa kushoto, na anakwenda mbali ili asionekane akiyumba kama mgeni. Bandani napo anafundisha kidole. Ulikichungulia kidole hicho mpaka ukagandia kioo, hukujiuliza ni cha mkono upi.

Glavu ndizo zilizonikasirisha. Mwanamke gani atamshonea mumeo kwa mshono wako na uzi wako wa mshipa wa kulungu, halafu akuachie wewe sifa? Zile ni glavu zako. Gumba la kulia halikutoboka kwa sababu halisukumi kitu mwaka huu. Na zizini vuli mwanaume aliyerusha kamba maisha yake yote alisimama kwenye uzio, mikono imefichwa kwenye koti, akamwachia mdogo wake ndama wake mwenyewe. Wewe ukaona mapenzi. Alikuwa anaangalia kama mtu anaweza kuwa mfugaji kwa mkono wa kushoto.

Mimi si daktari na mumeo sijamwona, naweza kukosea. Lakini mikono inayotetemeshwa na injini miaka nenda miaka rudi katika baridi hii yetu naijua, nimeishi nayo. Vidole vinakuwa vyeupe, vinakufa ganzi, kikombe kinaponyoka. Shokapu ni za mgongo, hapo ulipatia. Vioo ni vya shingo isiyogeuka. Umeikagua pikipiki kila boliti, mwenye pikipiki hukumkagua.

Wala yeye simsafishi. Angesema. Lakini nani kwetu anasema? Kumuuliza mtu ana kulungu wangapi ni utovu wa adabu, tumefundishwa hivyo sote, na adabu hiyo tumeikuza mpaka hatuulizani hata tunaumwa wapi. Anaogopa siida ikijua itamhurumia, na huruma ya siida unaijua, watamwachia kazi ya kuchemsha kahawa huku wenzake wakikimbiza kundi. Akaona bora umdhanie mhuni kuliko umdhanie mlemavu. Huo ni ujinga wake. Wa kwako ni kumuuliza Máret kabla ya kumuuliza mumeo, Máret ambaye ndoa yake ilivunjika na sasa anatafuta mwenzake wa kukaa naye.

Basi fanya hivi. Ukimaliza kusikiliza, mpigie kaka yako simu, mwambie asije. Ukimwambia "tuone kwanza" atakuja, kaka zetu ndivyo walivyo, kwa hiyo mwambie asije, ukate simu. Siku ya kutenga, zizini wewe ndiye utakayerusha kamba kwa ajili ya kulungu wa nyumba yako. Usitangaze wala usieleze, chukua kamba tu kama vile mlipatana asubuhi.

Leo kaa ushone glavu. Gumba la kushoto litie ngozi mbili. Glavu ya kulia ifanye pana, ndani utie manyoya laini ya ndama, mkono usiosikia baridi ndio unaoungua kwa baridi. Mpe mezani bila neno. Atayaona magumba, atajua kwamba unajua, na kwa mwanaume wa kwetu hiyo ni hotuba ndefu. Baada ya hapo atasema mwenyewe. Asiposema hadi Jumatatu, ushike mkono wake wa kulia mbele ya mama yake, umwambie kesho tunakwenda zahanati, na mama mkwe wako ambaye ananisikia sasa hivi atakuunga mkono.

Kwa Ravdna nenda, ila si kugombana. Mwombe amfundishe mumeo kurusha kwa kushoto, wewe ukiwapo na chupa ya kahawa. Ukiona la kuona, niandikie tena, nitakuja mwenyewe na skii zangu.

Limebaki lile tandiko. Uliuliza ni la nani. Mtu ambaye mkono unamfia njiani hataki kuwa peke yake mlimani, naye hajui kuomba kusindikizwa, kwa hiyo amefunga egemeo. Umesema Ravdna ni mrefu, amenyooka. Mbona basi vikanyagio vimepandishwa kwa mbao? Nenda bandani ukakae pale nyuma, dada, uone kama miguu yako inafika.