Fusible Mbili za Landrova

Kasongo, tarehe 6 Machi 2023

Kwa shemeji Marcellin, fundi wa umeme wa Kabambare nzima,

Salamu nyingi kutoka huku. Mie niko, ni mugongo ndio hauko. Watu wote wa nyumba wanakusalimia, hata wale usiowapenda. Miguu yako inasemaje? Gédéon, motard wa pikipiki aliyeniletea barua yako, anasema imevimba hadi viatu vimekushinda, unatembea na kandambili kama mutu anayekwenda kuoga. Nilicheka, kisha nikaacha.

Nimeelewa unachoomba. Siku tulipomuzika muke wako hapa Kasongo njia ilikuwa imefungwa kwa risasi, ukabaki huko. Sasa miaka miwili imepita, unataka kuona kaburi lake, na pikipiki huwezi kuipanda tena. Imebaki Landrova yangu, kizee cha Kiingereza chenye umri wa mutu mwenye wajukuu. Sawa, nitakuja kukuchukua. Dada yangu, weye unamwita Sidonie na sisi wa kwao tunamwita Aicha, hangenisamehe nikikuacha.

Lakini gari imekasirika. Nikikanyaga breki tu, fusible inakufa, kile kijiti cha glasi chenye uzi wa chuma ndani. Ikikufa, vifagio vya kioo vinasimama na sindano ya kupima mafuta inalala. Nimeunguza tatu. Ya ine nimeivalisha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Inashika vizuri, ila kuna harufu kama ya kuku anayechomwa manyoya. Niambie la kufanya, weye uliyesoma.

Shemeji wako,
Ayoubu


Kabambare, tarehe 15 Machi 2023

Shemeji Ayoubu,

Natumaini barua hii itakuta nyumba yako haijaungua. Mie nalala nikiwa nimekaa, nikilala chali pumzi inakatika. Mengine ni salama. Mounira, muke wako, umupe salamu zangu na pole ya kuishi nawe.

Toa ile karatasi leo. Fusible inakufa ili waya zisiungue. Ukiiziba na karatasi ya sigara, zitakufa waya, na zile nilizipitisha mie mwenyewe, Sidonie akinishikia taa na mimba ya miezi saba.

Usiunguze ingine. Mahali pa fusible weka ampuli ndogo ya gari, ile balbu ya taa, waya moja huku, ingine kule. Mutu akanyage breki. Kama kuna waya inagusa chuma, ampuli itawaka kwa nguvu zote. Kisha tenganisha kitu kimoja kimoja. Ampuli ikififia, hapo ndipo ubaya uko. Anza na taa za nyuma, kwa sababu ni breki ndiyo inaua. Nakutumia fusible tano kwa Gédéon, ndani ya kopo la dawa.

Uje mwezi wa ine. Nataka kusimama mbele ya ule musalaba ulioniandikia, pale kwenye makaburi ya misheni, nikiwa bado naweza kusimama. Sina hamu ingine iliyobaki, shemeji. Hata chakula sina hamu nacho.

Shemeji yako,
Marcellin


Kasongo, tarehe 2 Aprili 2023

Shemeji Marcellin, daktari wa magari yasiyopona,

Miguu imeshuka kidogo? Huku tuko wazima, mvua tu ndiyo inatusumbua.

Nilifanya ulivyosema. Mounira alikaa kwenye usukani kukanyaga breki, akaniuliza kama sasa amekuwa chauffeur na mie nimekuwa muke wake. Ampuli iliwaka kama jua la saa sita. Nikaingia chini ya gari na tumbo langu hili, nikatenganisha waya ya taa za nyuma, ampuli ikafifia. Ile waya ilikuwa inapita kwenye tundu la chuma, imesuguliwa hadi inaonyesha mifupa. Nikaifunga kwa kipande cha mupira wa gurudumu. Nikabaki kule chini kidogo, kwa sababu kutoka ni kazi kuliko kuingia, na Mounira alikuwa ameshakwenda sokoni.

Sasa sikia ubaya. Kesho yake fusible ilikufa yenyewe, gari imesimama bila mutu. Ilipokufa, moteri ikakataa kuwaka. Phare zote mbili za mbele nazo zimezimika, na klakson, ile honi, imenyamaza, yote kwa sababu ya ile fusible moja. Basi mwezi wa ine tuusahau. Tungoje mvua iishe. Usijisumbue kujibu haraka, pumzisha miguu.

Shemeji wako,
Ayoubu


Kasongo, tarehe 9 Mei 2023

Shemeji,

Wiki tano hakuna neno. Gédéon amepita hapa mara mbili, mara zote mbili mikono mitupu. Anasema uko hai, unakaa kwenye mulango na kalamu, na ukimwona unafunika karatasi. Unaandika wasia? Kumbuka zile spana zako nzuri mie ndiye niliziomba kwanza.

Gari iko vilevile. Fusible zako tatu zimekwenda. Nadhani hata kiangazi hakitatosha, labda tuseme mwaka kesho. Umri wetu si wa haraka.

Niandikie hata matusi.

Shemeji wako,
Ayoubu


Kabambare, tarehe 18 Mei 2023

Ayoubu,

Sijambo kwa kiasi cha mutu wa hali yangu. Natumaini nawe hujambo.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nachora. Nimechora waya za ile gari mara tatu, kutoka batri hadi taa ya mwisho, nikifikiri labda uzee umenikula akili. Haujanikula. Landrova ile iko na fusible mbili tu. Moja ni ya klakson na taa ya ndani. Ya pili ni ya breki, vifagio na sindano. Fusible moja haiwezi kuua breki na klakson pamoja. Phare hazipiti kwenye fusible yoyote. Moteri pia haipiti. Zitoe zote mbili uzitupe ndani ya muto Lualaba, gari itawaka na itaondoka na macho yake wazi.

Kwa hiyo ulichoniandikia hakiwezi kutokea. Gari ilipona siku ile ulipofunga mupira. Ni weye hutaki nifike.

Ningeweza kumuuliza Gédéon kama anaona gari yako ikipita sokoni. Sikumuuliza. Nakuuliza weye: kuna nini huko Kasongo ambacho sipaswi kuona?

Marcellin


Kasongo, tarehe 27 Mei 2023

Shemeji Marcellin,

Nakusalimia. Natumaini unapumua vizuri.

Barua hii nimeianza mara ine. Tatu za kwanza zilikuwa za kuchekesha, nimezitia motoni.

Hakuna musalaba. Aicha hayuko kwenye makaburi ya misheni. Nilimuzika kwa Waislamu, ubavuni mwa mama yetu. Hakuna jina, kuna mawe mawili, na nyasi ninazokata mie mwenyewe, wakati mwingine nachelewa.

Ningeweza kukuambia ni yeye aliomba hivyo. Ungekuwa uongo muzuri, na huu usingeweza kuupima na ampuli. Hakuomba. Najua alibatizwa, najua alikuwa anaimba kwenye kanisa lenu. Lakini alikufa asubuhi, mvua inanyesha, padri amekwenda Nyangwe, na watu wa musikiti walikuwa wameshachimba bila kuniuliza. Nilikuwa nimekaa naye siku tisa. Nilichoka. Wakaniuliza tumupeleke, nikasema tumupeleke. Ni hivyo tu. Kisha nikakuandikia musalaba, kwa sababu ulikuwa mbali na kuandika musalaba ni kazi ya kalamu tu.

Siku mbili za mwisho hakusema tena mambo ya dini wala ya watoto. Kila mutu aliyeingia, yeye alimuuliza neno moja, kama njia ya Kabambare imefunguka.

Gari inawaka. Niambie nije ao nisije.

Shemeji wako, kama bado niko,
Ayoubu


Kabambare, tarehe 8 Juni 2023

Ayoubu,

Salamu. Afya yako leo siulizi.

Nilisoma barua yako asubuhi, nikaiweka, nikairudia muchana. Watoto walifikiri nimepata habari ya kifo kingine. Niliapa mambo mengi, sitayaandika.

Mahali pa kaburi tutagombana, na tutagombana muda mrefu. Wengine watakuja kutuamua na hatutawasikia. Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Alikuwa ananiulizia mie, na weye ulikaa na neno hilo miaka miwili. Ulinipa musalaba ambao hauko, neno lake mwenyewe ukaliweka mufukoni.

Njia imefunguka. Njoo Alhamisi, mapema, kabla jua halijawa kali kwa pumzi yangu. Sitakaa mbele karibu nawe. Nitakaa nyuma, miguu juu ya gunia, na hadi Kasongo usiniambie kitu cha kuchekesha. Tukifika utanionyesha mawe mawili, kisha urudi ungoje kwenye gari. Nitachukua muda. Usipige klakson.

Mume wa dada yako,
Marcellin