Namba ya Jamaa wa Karibu

Ijumaa, mtaa wa Najma

Kwa hiyo Mama alijua. Tangu hoteli iniachishe kazi, wiki tatu sasa, navaa kwanza yunifomu ndipo nimpigie video.

Nilipojiandikisha kwamba sina kazi, karani wa ubalozi wetu aliniapia kuwa rekodi yangu ni siri. Ikatumwa kwa serikali ya nyumbani, na huko wakapigia namba ya jamaa wa karibu niliyojaza nikitoka Kenya. Ni namba ya Mama.

Leo baada ya ibada kanisani Mesaimeer, maana huku tunasali Ijumaa, nilimpigia nikiwa na gauni la kanisa, nikamwambia niko zamu. Nguo hata sikuzikumbuka.

"Walinipigia kitambo, mwanangu," akasema polepole. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Karani nimemlaani mchana kutwa. Kumbe aliyeitunza siri yangu ni yule niliyekuwa namficha.